Picha ya Alizeti na Nakala Yake

Mtu atakaye kuihukumu picha sharti aione kwanza. Sharti hili ni jepesi kwa wakazi wa London, Amsterdam au New York, ambao hupanda basi asubuhi, na kabla ya adhuhuri wamekwisha kusimama mbele ya kazi za wachoraji wakubwa. Kwa wakazi wa Moi's Bridge ni sharti zito. Mji wetu, ulioitwa Hoey's Bridge katika siku za walowezi, umekaa kando ya mto Nzoia, katika njia itokayo Eldoret kwenda Kitale, na sifa yake ni mahindi. Tuna maghala marefu ya nafaka, tuna reli, tuna soko, tuna vinyozi na mafundi cherehani. Ukumbi wa picha hatuna. Jumba la makumbusho lililo karibu nasi ni la Kitale, lililofunguliwa mwaka 1974 kutokana na mkusanyo wa Stoneham, mlowezi aliyefariki mwaka 1966 baada ya kutumia miaka mingi kukusanya wadudu, ndege na vitu vya kale. Nalipenda jumba lile, na nimewapeleka wanafunzi huko mara nyingi. Lakini mtu aendaye kutafuta picha za rangi za wachoraji wa zama zetu, yamkini atarudi amejifunza zaidi habari za vipepeo.

Basi picha kubwa hutufikia kwa njia moja tu, nayo ni nakala. Mwaka uliopita wazazi wa shule moja ya sekondari ya huku kwetu walichanga fedha za kupamba chumba cha kusomea, wakanituma mimi ninunue picha moja nzuri, yenye fremu, itakayodumu. Nilinunua nakala ya Alizeti za Vincent van Gogh. Bei yake, pamoja na gharama ya kuileta, ilikuwa sawa na bei ya magunia 3 ya mahindi, gunia la kilo 90. Nyuma yake palikuwa na kibandiko kilichosema kwamba ni nakala ya ubora wa makumbusho. Siku tulipoitundika, mwalimu mwenzangu, mtu wa hesabu, aliniuliza mbele ya wazazi, “Mwalimu, umetoa magunia 3 kwa karatasi?” Wazazi walicheka. Mimi pia nilicheka, lakini jibu sikuwa nalo. Swali lile lilikuwa la haki, na insha hii ni jaribio la kulijibu, ingawa jibu lenyewe limenipeleka mahali nisipotazamia.

Kwanza yafaa tuijue picha ya asili. Van Gogh, aliyekuwa Mholanzi, aliichora mwezi wa Agosti 1888 katika mji wa Arles, kusini mwa Ufaransa. Alikuwa akimngoja mchoraji mwenziwe, Paul Gauguin, aje kukaa naye, akataka kuipamba nyumba kwa ajili ya mgeni. Alichora picha kadhaa za alizeti, na alizichora kwa haraka, maana maua yaliyokatwa hayamngoji mtu. Mojawapo ilinunuliwa na National Gallery ya London mwaka 1924, nayo ndiyo asili ya nakala yetu. Urefu wake ni sentimita 92 na upana wake ni sentimita 73. Ndani yake mna maua 15 katika chungu kilichowekwa mezani mbele ya ukuta. Na juu ya chungu mchoraji ameandika jina lake la kwanza, Vincent, kama mwanafunzi aandikavyo jina lake juu ya daftari.

Habari hizo zaweza kuandikwa na mtu asiyeiona picha. Mimi niliiona mara moja, nilipokuwa masomoni Uingereza, nami nitajaribu kueleza kilichonisimamisha mbele yake kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Meza ni ya manjano. Ukuta ni wa manjano. Chungu ni cha manjano, na maua, hapana haja ya kusema, ni ya manjano. Wachoraji wengi huogopa kuweka rangi juu ya rangi ya namna moja, kwa sababu kitu humezwa na kilicho nyuma yake. Ndiyo maana huweka ua jekundu mbele ya jani la kijani, ili jicho lisipotee. Van Gogh alijinyima karibu msaada huo wote. Aliacha mstari mwembamba wa buluu kuitenga meza na ukuta, na kijani kidogo katika vikonyo na majani. Yaliyosalia aliyatofautisha kwa mkono wake. Mahali pa mbegu alibandika rangi nene, tone juu ya tone, hata pakawa na mikwaruzo kama uso wa alizeti yenyewe. Petali alizivuta kwa brashi moja moja. Ukuta aliupiga mapigo mafupi yaliyopishana kama ukili wa mkeka. Nuru ipitapo juu ya rangi hiyo hukuta vilima na mabonde, na vilima hivyo huangusha vivuli vyake vidogo. Kwa hiyo picha hii, ijapokuwa husifiwa kwa rangi, nusu ya uzuri wake ni kazi ya mfinyanzi.

Sasa tuitazame nakala. Ina urefu wa sentimita 50 na upana wa sentimita 40, yaani eneo lake halifiki hata theluthi moja ya eneo la asili. Maua yale ambayo London yanakaribia ukubwa wa maua ya shambani, kwetu yamekuwa madogo kama vishikizo vya koti. Huu ni upungufu wa kwanza, nao si mdogo, kwa maana alizeti ni mmea unaomzidi mtu kimo, na mchoraji alitaka ukaribie kujaza chumba. Upungufu wa pili ni mbaya zaidi. Nakala ni bapa. Ukipitisha kidole (nami nimekipitisha kabla ya kioo kuwekwa) husikii kitu ila karatasi. Vivuli vile vidogo vya rangi nene vimo, lakini vimechapwa. Havihami jua lihamapo. Asubuhi vinaelekea upande ule ule vinaoelekea jioni. Picha nyingine ingevumilia hasara hiyo. Hii ya manjano juu ya manjano, ambayo tofauti zake zimewekwa katika unene, hupoteza kile kile kilichoifanya kuwa yenyewe. Naona ni ajabu kwamba picha inayonakiliwa mno duniani ni mojawapo ya zile zisizofaa mno kunakiliwa.

Lakini nisiionee nakala yetu. Rangi zake ni za kweli kuliko nilivyotarajia. Mstari wa buluu upo mahali pake, na jina la Vincent lasomeka. Manjano ya ukuta hayakugeuzwa kuwa ya chungwa, kosa ambalo hulioni mpaka uzione nakala mbili mahali pamoja. Karatasi ni nzito na haing'ai. Aliyeichapa alikuwa na uangalifu.

Maneno “ubora wa makumbusho” yalinisumbua zaidi kuliko picha. Msomaji kijana asidhani kwamba ni kipimo kilichowekwa na sheria, kama vile kilo au lita. Muuzaji yeyote aweza kuyaandika nyuma ya kitu chochote, na karatasi haikatai wino. Hata hivyo maneno haya yana maana yake miongoni mwa watu wa kazi hiyo, nayo haihusu uzuri hata kidogo. Yahusu maisha ya nakala. Nakala iliyo bora kwa maana hiyo huchapwa juu ya karatasi ya pamba isiyo na asidi, kwa sababu karatasi ya bei rahisi, itengenezwayo kwa mti, ina vitu ndani yake viifanyavyo kuwa ya manjano na kukatika, kama gazeti lililosahauliwa dirishani. Wino wake ni wa chembechembe za rangi ngumu, si rangi ya kuyeyuka. Kadibodi inayoizunguka ndani ya fremu haina asidi pia, ama sivyo itaichoma picha pembeni baada ya miaka. Na kioo chake, kikiwa kizuri, huzuia ile miali ya jua isiyoonekana kwa macho ambayo huiua rangi.

Atakaye kuona maana ya maneno hayo hana haja ya kwenda London. Na atembee mpaka kwa kinyozi yeyote mwenye picha za wachezaji wa mpira kwenye dirisha lielekealo jua. Wachezaji hao waliletwa wakiwa na nyuso za kahawia na jezi nyekundu. Leo ni watu wa buluu, wanacheza katika uwanja wa buluu. Sababu ni kwamba mchapishaji hutumia rangi 4, yaani buluu, waridi iliyokoza, manjano na nyeusi, na katika wino wa bei rahisi ile waridi na ile manjano aghalabu hufa kwanza. Buluu na nyeusi hubaki kama watu wa mwisho katika karamu. Basi fikiri picha ambayo ni manjano tupu ikichapwa kwa wino kama huo na kutundikwa mbele ya jua letu. Baada ya miaka michache wazazi wangekuwa na fremu yenye mstari mwembamba wa buluu na jina la Vincent.

Wala ugonjwa huo si wa nakala peke yake. Manjano ya kromu, ambayo Van Gogh aliyatumia sana, baadhi ya aina zake hugeuka hudhurungi zipigwapo na nuru kwa miaka mingi, na wanasayansi wameonyesha jinsi badiliko hilo litukiavyo ndani ya rangi. Alizeti zilizoko Ulaya leo si za manjano kwa namna zilivyokuwa siku ile brashi ilipotoka juu yake. Majumba ya makumbusho hupunguza taa ili kuzihifadhi. Kwa hiyo asili pia inasafiri, polepole, kutoka kwake yenyewe.

Juu ya fremu sina mengi. Iliyoletwa ilikuwa ya mbao nyepesi iliyopakwa rangi ya dhahabu, na dhahabu ya uongo kando ya manjano ya kweli ni kama mtu aimbaye kwa sauti kubwa karibu na mwimbaji. Fundi seremala wa hapa mjini aliitazama akasema, “Mwalimu, hii mbao wameivika nguo ili usiione.” Kioo nacho kilikuwa cha kawaida. Kwa kuwa tuliitundika mkabala wa dirisha, muda wa wiki 2 wanafunzi waliona ndani yake ghala la nafaka, anga, na nyuso zao wenyewe, wasione alizeti. Kosa hilo lilikuwa langu. Tuliihamisha, tukaiweka ukuta wa upande wa dirisha, mahali ambapo jua haliipigi, nayo ikaanza kuonekana.

Hapo ndipo likatokea jambo lililonifanya nianze kumjibu mwalimu wa hesabu. Msichana mmoja wa kidato cha pili, ambaye nyumbani kwao hulima alizeti kandokando ya shamba la mahindi, aliikaribia akaitazama kwa muda, kisha akasema kwamba mchoraji amekosea. Alizeti, alisema, ina uso mpana wa mbegu katikati na petali pembeni. Lakini baadhi ya hizi hazina uso, zimejaa petali mpaka ndani, kama mpira wa nyuzi. Wenzake wakaja. Wakahesabu zilizo na uso na zisizo nao. Mmoja alisema kwamba zile zilizoinamisha vichwa zimekwisha kukomaa, zafaa kukamuliwa mafuta. Nilisoma baadaye kwamba msichana yule aliona kweli, ingawa mchoraji hakukosea: mwaka 2012 wataalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, walieleza badiliko la urithi lifanyalo baadhi ya alizeti kuota petali mahali ambapo zingeota vijiua vya kuzaa mbegu, na wakataja maua ya Van Gogh kuwa mfano wake. Watu wengi walioelimika wamepita mbele ya picha ile London wasiyaone hayo. Mtoto wa mkulima aliyaona katika nakala bapa ya sentimita 50, kwa sababu alikuwa na kitu cha kuilinganisha nacho.

Van Gogh mwenyewe asingelistaajabia hilo. Mtu huyu, ambaye picha zake leo huuzwa kwa mali isiyosemeka, alijifunza sehemu kubwa ya kazi yake kutokana na nakala. Yeye na ndugu yake Theo walikusanya mamia ya picha za Kijapani zilizochapwa kwa vibao vya mbao, ambazo ziliuzwa kwa bei ndogo. Na mwaka 1887 alichora kwa rangi za mafuta picha mbili za Hiroshige akizitazama nakala hizo. Japani hakufika maishani mwake. Tena, alipokuwa mgonjwa katika hospitali ya Saint-Rémy, mwaka 1889 na 1890, alikosa watu wa kuchora, akachukua nakala zisizo na rangi za picha za Jean-François Millet, mchoraji wa wakulima, akazichora upya na kuzitia rangi kutoka moyoni mwake. Na hata alizeti zenyewe alizirudia: ile picha iliyoko Amsterdam aliichora mwezi wa Januari 1889 akifuata ile ya London. Basi asili moja ni nakala ya asili nyingine, na mkono ni ule ule.

Nilipomweleza mwalimu wa hesabu habari hizo alisema ni nzuri, lakini alitoa hoja iliyo nzito kuliko ya kwanza. Alisema, “Kama ni hivyo, Mwalimu, basi bora tungempa fedha zile yule kijana anayeandika mabango ya maduka, atuchoree picha yetu wenyewe. Karatasi yako ni moja kati ya elfu. Yake ingekuwa moja tu.” Sikuweza kuipuuza hoja hii, kwa sababu ina mtetezi mkubwa. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, Kilimanjaro, aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa nyumba ya sanaa ya Paa Ya Paa mjini Nairobi mwaka 1965, aliwakataza wasanii kuiga, akifundisha kwamba kuiga humlaza Mungu usingizi. Naye hakusema tu. Mwaka 1959 alikuwa amechora kwenye kuta za kanisa la Murang'a, mji ulioitwa Fort Hall, picha 5 za maisha ya Kristo, akaweka humo watu na nchi ya Kiafrika ambapo wachoraji wengi wangeweka watu na nchi ya Ulaya.

Nakubaliana na Njau, na bado siirudishi nakala dukani. Lugha yetu ina maneno mawili mahali hapa, na yafaa tuyatumie yote mawili. Kuiga ni kumfuata mwingine katika tendo lake. Mwigaji huweka mkono wake mahali pa mkono wa mwenziwe na kutaka sifa yake. Kunakili ni kukichukua kitu kilivyo na kukifikisha mahali pengine. Karani anakilipo hati haigi mwandishi wake, wala hadai kuwa aliitunga. Nakala yetu ya alizeti haisemi kuwa ni picha ya Van Gogh. Inasema kwamba picha iko London, ina ukubwa kadha, na hii ni habari yake. Iwapo inasema hivyo kwa uaminifu, haimlazi mtu usingizi. Nimeandika habari hizo kwa mkono wangu kwenye kadi chini ya fremu, kwa sababu muuzaji, pamoja na kibandiko chake chote, alikuwa ameandika jina la mchoraji tu na bei.

Wala kunakili si kazi ya kudharauliwa pale moto upitapo. Mojawapo ya picha za alizeti za Arles, yenye mandhari ya buluu iliyokoza, ilinunuliwa na tajiri wa Japani. Mwezi wa Agosti 1945 ndege za Marekani ziliupiga mabomu mji wa Ashiya, na picha ile ikateketea. Leo hakuna mtu atakayeiona tena. Lakini twajua ilivyokuwa, tunajua buluu yake na mpangilio wa maua yake, kwa sababu ilikuwa imepigwa picha na kuchapwa kabla ya vita. Nakala, ambayo ilikuwa kitu duni ukutani, imekuwa ndiyo picha.

Mwaka 1997 moto uliwaka Paa Ya Paa. Ukateketeza kazi nyingi zilizokusanywa kwa miaka zaidi ya 30. Alizeti ya Ashiya ilikuwa picha moja, na wasomaji wa dunia nzima waweza kuitazama ilivyokuwa. Nimejaribu kujiuliza ni wanafunzi wangapi wa sekondari katika Kenya waliopata kuona hata nakala moja ya kazi zilizoungua Nairobi. Katika darasa langu hakuna. Nami mwalimu wao sina ya kuwaonyesha.

Haya ndiyo niliyosema kwamba sikuyatazamia. Nilianza nikitaka kujua kama nakala ya Alizeti ina thamani ya magunia 3, nikajikuta nikiuliza kwa nini nilinunua Alizeti. Jibu ni kwamba dukani zilikuwapo. Palikuwa na alizeti za ukubwa wa namna 4, palikuwa na usiku wenye nyota wa Van Gogh huyo huyo, palikuwa na mayungiyungi ya Monet, na simba wengi wasio na jina la mchoraji. Niliuliza kama wana nakala ya picha ya Sam Ntiro. Kijana wa duka aliniuliza kwa adabu kama huyo ni mwanamuziki.

Ntiro alizaliwa Kilimanjaro mwaka 1923, akasoma Makerere, kisha Slade, chuo cha sanaa cha London; Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 alipelekwa London kuwa balozi wake, na alifariki mwaka 1993. Alichora watu wa kwao kazini, wengi na wadogo katikati ya migomba na milima. Mwaka 1956 alichora wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi wakati wa usiku, na mwaka 1960 picha hiyo ilinunuliwa na jumba la sanaa za kisasa la New York, ambalo wengi hulijua kwa jina la MoMA. Iko huko mpaka leo katika mali ya jumba. Sidhani kuwa ni aibu picha ya Mchagga kukaa New York. Picha ya Mholanzi imekaa London, na Waholanzi hawalii. Lakini Mholanzi akitaka kuitazama alizeti ya London hana haja ya kusafiri. Ameiona kwenye kalenda, kwenye kikombe, kwenye kitabu cha shule, mpaka ameichoka. Mtoto wa Moi's Bridge hana nafasi ya kuichoka picha ya Ntiro.

Tena kwa sababu za kazi yenyewe, picha ya Ntiro ingestahimili kunakiliwa kuliko alizeti. Maumbo yake ni sahili na mipaka yake iko wazi. Nguvu yake imo katika mpangilio wa watu, jinsi wanavyofuatana na kurudiana kama kiitikio cha wimbo, si katika vilima vya rangi. Kinachopotea katika karatasi bapa kingekuwa kidogo. Kinyume chake, picha za Njau za Murang'a zimechorwa ukutani. Haziwezi kufungwa kamba na kuletwa Kitale kwa maonyesho ya wiki 2. Kwazo nakala njema, kubwa, yenye wino usiokufa, si anasa. Ni njia pekee ya kuzitoa mahali pale bila kuubomoa ukuta.

Kuhusu yule kijana wa mabango, nimemwendea. Ana mkono mwepesi, na ng'ombe aliyemchora kwenye duka la dawa za mifugo ana macho yaliyo hai kuliko ng'ombe wengi niliowaona katika vitabu. Nilimwita shuleni aitazame nakala. Alisimama mbele yake, akauliza rangi ile imewekwa kwa brashi au kwa kisu, nami nikamwonyesha kwa maneno kile ambacho karatasi haikuweza kumwonyesha. Aliniambia kwamba anunuapo rangi ya manjano huichanganya na nyeupe ili isiishe upesi, na hakujua kwamba mtu aweza kuitumia nyingi namna ile bila kuiharibu kazi. Wiki iliyofuata alitundika bango jipya la muuza mafuta ya kupikia. Lina alizeti moja, kubwa, ya manjano juu ya manjano. Haifanani na ya Van Gogh, na mwenye duka alilalamika kwamba herufi hazisomeki vizuri.

Katika mkutano wa wazazi wa muhula huu niliomba fedha za picha ya pili. Nilisema nitaliandikia jumba la New York kuomba ruhusa ya kuchapa nakala moja ya Ntiro kwa ajili ya shule, juu ya karatasi ya pamba, kwa wino wa chembe, na kadi chini yake yenye jina, mwaka na mahali asili ilipo. Mwalimu wa hesabu alisimama. Nilidhani anasimama kunipinga. Alisema magunia 3 ni mengi, tuidhinishe 2, na fremu tumpe fundi wetu aichonge kwa mbao zisizovikwa nguo.